Saa ya nzi wa matunda na usingizi wa baba yangu

Baba yangu alilinda lango la kiwanda mjini Jinja kwa miaka 22, na katika miaka hiyo yote zamu yake ilianza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi. Alistaafu akiwa na barua mbili za onyo, zote kwa kosa moja: alikutwa amesinzia baina ya saa tisa na saa kumi usiku. Ya pili iliambatana na kukatwa mshahara wa wiki nzima. Nilikuwa bado sekondari, na ninakumbuka jinsi alivyokaa na barua ile mkononi, kisha akaniambia, "Mwanangu, sikulala kwa kupenda. Saa ile ikifika, kuna kitu hunishika kutoka ndani."

Siku hizi ninafundisha biolojia, na maneno yale ya baba sijayaacha. Nilipoanza kutafuta kitu hicho kinachomshika mtu kutoka ndani, nilidhani nitakipata katika vitabu vya utabibu. Nilikipata kwanza kwa nzi.

Nzi ninayemzungumzia ni yule mdogo mwenye macho mekundu, wa urefu wa milimita tatu hivi, anayezunguka ndizi ya bogoya iliyoiva kupita kiasi au mtungi wa tonto, pombe yetu ya ndizi, inayochacha. Wakulima wetu wa maembe wana adui wanayemwita pia nzi wa matunda, lakini huyo ni mkubwa zaidi na ni wa jamaa nyingine kabisa. Wangu anaitwa na wanasayansi Drosophila melanogaster, na neno hilo la kwanza maana yake ni mpenda umande. Asili yake ni Afrika, na kutoka hapa aliwafuata wanadamu na matunda yao mpaka akaenea dunia nzima. Ana jozi nne tu za kromosomu na jeni zipatazo 14,000, na katika joto la nyuzi 25 yai lake huchukua siku kumi hivi kuwa nzi kamili. Ndiyo sababu maabara za dunia zimemfuga kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jina la mpenda umande linamfaa. Nzi huyu hutoka katika bundo lake, yaani gamba ambamo funza hugeuka kuwa nzi, wakati wa mapambazuko, hewa ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa mabawa yake ni laini na yangeweza kukauka kabla ya kukunjuka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mabundo yaliyozoea mchana na usiku, yakihamishiwa katika giza totoro ambamo hayaoni kuchwa wala kucha, huendelea kutoa nzi kwa mafungu yanayopishana kwa takriban saa 24. Hakuna jogoo humo wala adhana. Kinachojua kwamba kumekucha kimo ndani ya mdudu mwenyewe.

Mwaka 1971, katika chuo cha Caltech huko Marekani, mwanafunzi Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer walitangaza kwamba wamezipata aina tatu za nzi waliopotewa na saa. Walikuwa wamewalisha nzi kemikali inayoharibu jeni, kisha wakawatafuta wazao wanaotoka katika bundo kwa nyakati zisizo zao. Aina ya kwanza haikuwa na mpangilio wowote. Ya pili iliishi siku ya saa 19, na ya tatu siku ya saa 28. Walipotafuta mahali pa kasoro hizo, zote tatu ziliangukia sehemu moja ya kromosomu X. Jeni iliyopo hapo waliiita period, yaani kipindi. Kwangu hii ni miongoni mwa kazi nzuri kupita zote katika biolojia ya karne iliyopita, kwa sababu ilionyesha kwamba jambo lisiloshikika kama wakati linaweza kuwa na anwani ndani ya seli, na anwani hiyo ikiguswa, siku yenyewe hurefuka au kufupika.

Jeni hiyo ilitengwa mwaka 1984 na makundi mawili yaliyokuwa yakishindana: Jeffrey Hall na Michael Rosbash wa Chuo Kikuu cha Brandeis, na Michael Young wa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Konopka na Benzer walikuwa wamekwisha kufariki, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.

Kuwa na jeni mkononi, hata hivyo, si kujua inavyofanya kazi. Jeni ni maagizo tu, na kazi hufanywa na protini inayotengenezwa kwa maagizo hayo. Protini ya jeni hii, inayoandikwa PER, ni mnyororo wa amino asidi kama 1,200, na ukiutazama mnyororo huo peke yake huoni ndani yake chochote kinachofanana na saa. Mwaka 1990 Paul Hardin, akiwa pamoja na Hall na Rosbash, alionyesha kwamba RNA mjumbe ya period, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengenezea protini, hupanda na kushuka kila siku, na kwamba upandaji na ushukaji huo unategemea protini ya PER yenyewe. Yaani PER hurudi kuizuia jeni iliyoizaa. Miaka minne baadaye kundi la Young likaipata jeni ya pili, timeless, ambayo protini yake TIM ni mwenzi wa PER, na ifikapo mwaka 1998 wahusika wakuu wengine walikuwa wamejulikana.

Hapa ningependa niende polepole, na nitatumia saa zetu za Kiswahili, kwa kuwa zinafaa ajabu. Watafiti wa nzi hawahesabu saa kuanzia usiku wa manane kama Wazungu wanavyofanya majumbani mwao. Huanza kuhesabu pale taa za maabara zinapowashwa, na saa ya kumi na mbili kwao ni pale taa zinapozimwa. Hesabu hiyo ni yetu hasa, Waswahili, Waganda na Wasoga, tunaosema saa moja asubuhi baada ya saa moja ya mwanga. Zaidi ya hayo, taa hizo kwa kawaida huwaka kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12, kwa hiyo maabara za Boston na New York huwajengea nzi wao siku ya ikweta. Hapa Jinja hatuhitaji kuijenga. Mwaka mzima jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja, na urefu wa mchana haubadiliki ila kwa dakika chache.

Tuanze basi adhuhuri. Ndani ya kiini cha seli, protini mbili zinazoitwa CLOCK na CYCLE zimeshikana na kukaa juu ya DNA, mahali penye herufi CACGTG, karibu na jeni za period na timeless. Kuwapo kwao hapo ni kama ruhusa: jeni hizo huanza kusomwa, na kadiri jua linavyoinama ndivyo RNA mjumbe inavyoongezeka, hadi kufikia kilele baina ya saa moja na saa nne usiku. RNA hiyo hutoka nje ya kiini na kuingia katika saitoplazimu, ambako protini za PER na TIM hutengenezwa. Lakini protini zenyewe hazijai mara moja. Huchelewa kwa saa nne hadi sita nyuma ya RNA zao. Ni karibu saa sita usiku ndipo zinapoanza kuingia ndani ya kiini, na zikishaingia huiendea jozi ya CLOCK na CYCLE na kuing'oa kazini. Usomaji wa jeni hufifia. PER na TIM zisipotengenezwa upya, zilizopo huharibiwa kidogo kidogo, mpaka ifikapo saa nne au saa sita mchana hazipo tena za kutosha kuzuia kitu. CLOCK na CYCLE hurudi juu ya DNA, na siku nyingine huanza.

Nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kitambo. Ndani ya seli hakuna kinachohesabu dakika. Kuna kuchelewa tu. Kama PER ingeingia katika kiini mara tu inapotengenezwa, jeni ingezuiwa papo hapo, kila kitu kingetulia katika kiwango kimoja, na nzi asingekuwa na mchana wala usiku. Saa yote imejengwa juu ya muda ambao protini hiyo hungoja nje ya mlango wa kiini, na swali lililobaki kwa wataalamu lilikuwa ni nani anayeishikilia hapo nje.

Mmoja wao ni kimeng'enya kinachoitwa DOUBLETIME, ambacho kundi la Young lilikitangaza mwaka 1998. Kazi yake ni kubandika vipande vya fosfeti juu ya PER. PER iliyobandikwa vya kutosha hutambuliwa na protini nyingine, SLIMB, ambayo huipeleka ikasagwe. Kwa hiyo mapema usiku PER iliyo peke yake hufa karibu kwa kasi ileile inayozaliwa. TIM pekee ndiyo inayoinusuru: ikishikana na PER, huikinga dhidi ya kusagwa, na hivyo PER haiwezi kuwa nyingi mpaka TIM nayo iwe nyingi. Vimeng'enya vingine hubandika fosfeti juu ya TIM, na vingine huzibandua juu ya PER, na kila kubandika na kubandua huko hula muda. Wale nzi wa Konopka wa saa 19 walikuwa wamebadilika amino asidi moja tu kati ya hizo 1,200, lakini iko katika eneo linalotawala mwendo wa kubandikwa fosfeti. Badiliko moja likaondoa saa tano katika siku ya kiumbe.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba PER na TIM hukutana, hushikana, na papo hapo huingia katika kiini zikiwa jozi. Mwaka 2006 Pablo Meyer, Lino Saez na Michael Young waliamua kuzitazama zikiwa hai. Walichukua seli za nzi zinazokuzwa katika chombo, wakaipa kila protini mkia wa protini inayong'aa, moja rangi ya manjano na nyingine rangi ya samawati, kisha wakazifuatilia chini ya hadubini kwa saa nyingi mfululizo. Rangi hizo zina sifa kwamba zikikaribiana sana, nguvu ya mwanga huruka kutoka moja kwenda nyingine, na hivyo mtu huweza kuona kama protini mbili zimeshikana au zimeachana. Waliona kwamba PER na TIM hushikana mapema, ndani ya saitoplazimu, na kukaa hivyo hivyo. Hujikusanya katika vidoto. Saa sita hivi zinapopita, vidoto hutawanyika kwa ghafla, protini huachana, na kila moja huingia katika kiini kwa njia yake, kwa mwendo wake. Muda huo wa kungoja haukutegemea sana wingi wa protini ndani ya seli: seli yenye nyingi na seli yenye chache zilingoja karibu sawa. Naliona jambo hili kuwa kiini cha habari yote. Kushikana kwa protini mbili ni kama kugeuza chupa ya mchanga ya kupimia muda, na kuachana kwake ni mchanga kwisha.

Mwanga nao una mlango wake. Ndani ya seli za saa za nzi mna protini CRYPTOCHROME, ambayo hunasa mwanga wa buluu moja kwa moja, bila kulitegemea jicho. Ikinasa mwanga hubadilika umbo, huishika TIM, na TIM husagwa kwa muda mfupi. Utaratibu huu mmoja tu unaeleza jambo lililowatatiza watu kwa miaka mingi: kwamba mwanga uleule, ukimulikwa mapema usiku, huirudisha saa nyuma, lakini ukimulikwa karibu na alfajiri huisogeza mbele. Mapema usiku RNA ya TIM bado ni tele. TIM iliyoharibiwa hutengenezwa upya, na kilichopotea ni muda tu, kwa hiyo seli huchelewa. Karibu na alfajiri RNA imekwisha. TIM iliyomo katika kiini ikiharibiwa hairudishwi, PER hubaki bila mlinzi na hufa mapema, na seli husema kumekucha kabla ya wakati wake. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano huelewa hoja hii haraka kuliko nilivyotarajia, na huwa siwapi jibu mpaka walipate wenyewe ubaoni.

Kuna pia suala la joto, ambalo nitaligusa tu. Michakato mingi ya kemia hukimbia joto linapopanda, lakini Colin Pittendrigh alionyesha mwaka 1954 kwamba saa ya nzi haifanyi hivyo. Nzi wa baridi ya Kabale na nzi wa joto la Moroto wote huishi siku ya takriban saa 24.

Wala saa hii haikai katika ubongo peke yake. Mwaka 1997 watafiti waliunganisha sehemu inayoiongoza jeni ya period na jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga, wakapata nzi wanaong'aa na kufifia kwa kufuata saa zao. Waliposhika vipande vya mwili vilivyotengwa, vichwa, vifua, matumbo, hata mabawa na miguu, navyo vilikuwa vikiwaka na kufifia kila siku, na viliitikia mwanga vyenyewe. Katika ubongo zipo seli maalumu za neva zinazooanisha mwenendo wa nzi, nyingine zikimwamsha alfajiri na nyingine zikimchangamsha magharibi, ndiyo maana hupumzika jua la mchana likiwa kali. Hata hivyo, kila kiungo kina saa yake.

Nasi tunazo. Binadamu ana jeni tatu za PER, ana CLOCK, na badala ya CYCLE ana jamaa yake iitwayo BMAL1. Tofauti zipo, na ni muhimu kuzitaja: kwetu CRYPTOCHROME hainasi mwanga kwa ajili ya saa, bali hukaa pamoja na PER katika kuzuia jeni, na habari za mwanga hutujia kupitia macho hadi kwenye kifundo kidogo cha seli chini ya ubongo. Lakini muundo ni uleule wa protini kurudi na kuizuia jeni iliyoizaa, na kungoja ni kulekule. Mwaka 2001 ilitangazwa familia moja ya Marekani ambayo baadhi ya watu wake, kizazi baada ya kizazi, hushikwa na usingizi mapema jioni na kuamka karibu saa kumi alfajiri. Waliobadilika walikuwa na kasoro ya amino asidi moja katika PER2, mahali ambapo jamaa ya DOUBLETIME hubandika fosfeti. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka nzi wa saa 19, na nikamkumbuka baba.

Baba hakuwa na kasoro yoyote ya jeni ninayoijua. Alikuwa na saa nzima, inayofanya kazi sawasawa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja usiku joto la mwili wa binadamu hushuka hadi chini kabisa, na hamu ya usingizi hupanda. Zamu yake ilipokwisha, alipanda baiskeli akarudi nyumbani kukipambazuka, hadi jua likampiga usoni, na mwanga ule wa asubuhi uliirudisha saa yake kwenye mchana kila siku, kwa miaka 22, hata kama jana yake ilikuwa imejaribu kusogea. Akilala mchana, alilala vipande vipande. Ini lake na tumbo lake vilipokea chakula saa ambazo havikukitarajia. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Hakuna aliyekuja langoni kumwambia hayo.

Hapa Busoga tungekuwa na sababu ya kulitilia maanani suala hili mapema kuliko wengine. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi hii, wengi wao kwenye mwambao huu wa Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, na wagonjwa walijulikana kwa kusinzia mchana na kukesha usiku. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panya walioambukizwa vimelea vya jamaa ya vile vya malale huharibika saa za mwili zenyewe, na siku yao ya ndani hufupika. Babu zetu waliona ugonjwa wa usingizi. Uliokuwa ukiharibika, pamoja na mengine, ni mzunguko huu huu wa protini.

Mwezi uliopita nilianza kufuga nzi nyumbani, katika mitungi ya kioo yenye bogoya iliyopondwa na hamira kidogo, kwa ajili ya somo la vitendo. Nilimweleza baba habari za PER na TIM, nikamchorea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo na wao wakilazimishwa kukesha, huumia?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba, huumia." Akanyamaza.

Kesho yake nilipoamka nilimkuta amekwisha kukaa mbele ya mitungi, na daftari gotini. Bado huamka kabla ya watu wote. Alikuwa amelipigia mistari daftari kwa rula, kama lile la langoni, safu ya saa, safu ya idadi, safu ya maelezo. Ukurasa wa kwanza ulisomeka hivi, kwa mwandiko wake wa wima: saa 12:20, watatu, saa 12:45, kumi na mmoja, mabawa bado hayajakunjuka, saa 1:30, wanne, saa 2:15, hakuna.